Mlango wa Taza Gul

Milango yote ya bonde letu aliitengeneza Taza Gul: wa msikiti, wa duka langu la kushonea, hata wa zizi la Malik Dawran, mkubwa wa ukoo. Alikuwa seremala mfupi mwenye kipande cha mkaa sikioni, na ugonjwa wake ulikuwa hesabu. Ukimuuliza neno dogo tu, anavuta ubao na kuanza kuchora mistari.

"Taza Gul, na rakaa za sala unazichorea?" nilimtania siku moja.

"Zako nazichorea, fundi cherehani. Wewe unaziruka."

Tulikaa nyumba zikitazamana miaka ishirini, na sikuwahi kumshinda kwa maneno.

Mwaka ule, theluji ikikaribia, karani wa barabara alitekwa karibu na daraja. Aliyetajwa ni Zarwali, kijana wa ukoo wetu, ambaye alishavuka mpaka kuingia upande wa Khost. Sheria ya huku mpakani enzi hizo haikujisumbua kumtafuta mwenye kosa. Ilishika ukoo wake. Serikali ikafunga soko na kukamata watu wetu thelathini na mmoja, yeyote aliyekutwa njiani: mwalimu wa Kurani, muuza njugu za msonobari, bwana harusi aliyekwenda kununua viatu. Ndugu yangu Ghazan alikuwa mmoja wao, naye kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni.

Afisa wa serikali akatoa sharti. Mleteni Zarwali, au bomoeni nyumba ya kwao kwa mikono yenu wenyewe, na mtu asiwape hifadhi watu wake mpaka theluji iyeyuke. Atakayewapokea, nyumba yake ndiyo itakayofuata.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bibi Spogmay, mama yake Zarwali. Alikuwa mjane, na ndani mle aliishi na mjukuu wake mmoja, Shinkai, yatima wa miaka mitano.

Wazee walikaa jirga, baraza la ukoo, siku mbili wakizungukana kwa maneno. Mafundi hawana sauti pale, lakini Taza Gul aliitwa kwa sababu boriti za nyumba ile aliziweka yeye, na ni yeye aliyejua ipi ikivutwa paa linashuka lote. Alikuja na ubao wake.

"Huku nyumba moja," alisema, akachora mstari. "Huku watu thelathini na mmoja." Akachora mpaka mkaa ukakatika. "Kila mmoja tumpe watoto wanne tu. Soko sijaligusa bado. Sasa wazee wangu, mnaniuliza nini?"

Hesabu ilikuwa sahihi. Nami niliyekuwa nikisikiliza kando nisijifanye mwema: nilishusha pumzi. Akilini nilimwona Ghazan amesharudi nyumbani.

Alitumwa yeye akamwambie mwenye nyumba, na akaniomba nimsindikize. Bibi Spogmay alitukaribisha chai ya kijani kama wageni wengine, na Shinkai akatuletea sukari kiganjani.

"Mama," Taza Gul alianza, "wewe ni mmoja, na wale..."

"Nimesikia habari za ubao wako, mwanangu. Zarwali hajakanyaga hapa mwaka wa pili. Unajua?"

"Najua, mama."

"Na huyu mtoto alimteka karani gani?"

Taza Gul akatazama kikombe. "Hakumteka mtu, mama. Ila wakiachiwa wale, wengi watalala salama."

"Basi bomoa," alisema bibi. "Lakini usiniambie ni haki. Niambie wale ni wengi."

Walibomoa Alhamisi. Taza Gul aliomba mjane aachiwe walau boriti kuu, ya mwerezi, ajengee tena siku za mbele. Malik Dawran akakataa: serikali ilitaka mbao zote zichomwe, iuone moshi kutoka ngomeni kwake. Ijumaa milango ya gereza ikafunguliwa. Ghazan alirudi akikohoa, lakini mzima, na watu walimkumbatia Taza Gul wakamwita mwokozi wa ukoo. Naye alikula pilau ya watu, akacheka.

Kwetu, anayebisha mlangoni akiomba hifadhi harudishwi, hata kama alimuua baba yako. Mtoto ananyonya jambo hilo pamoja na maziwa. Jumamosi, baada ya alasiri, Bibi Spogmay alianza kubisha. Alianza kwa kaka yake mwenyewe. Kisha akaja kwangu. Nilimwambia mke wangu aseme sipo, na mke wangu akasema sipo, na bibi akamjibu, "Msalimie akirudi."

Nikachungulia kwenye ufa. Alivuka njia hadi kwa Taza Gul, akavua shali yake, akaitandaza kizingitini. Mwanamke akifanya hivyo, mwanamume hana tena la kusema ila kufungua. Shinkai alisimama kando akipuliza vidole. Mlango ule haukufunguka. Baadaye Taza Gul aliniambia alikuwa amekaa nyuma yake, mgongo umeegemea mbao, anahesabu: watoto sita, mke mjamzito, baba kipofu. Tisa pamoja na yeye, dhidi ya wawili.

Bibi aliokota shali yake, akaikung'uta, wakaenda kwenye kinu cha maji kilichoachwa, kule chini kando ya kijito. Mke wangu alikuwa anaweka mkate juu ya jiwe nje ya kinu, kisha anaondoka bila kugeuka. Siku nne mkate ulichukuliwa. Siku ya tano haukuchukuliwa. Tulimkuta Shinkai amevishwa kila nguo aliyokuwa nayo bibi yake, hata soksi, na haikumsaidia. Niliwashonea sanda mimi. Ya mtoto ilitoka kwenye kipande kilichobaki cha ile ya bibi, na nililia mpaka sindano nikawa siioni.

Ningependa kusema adhabu ile haikufaa kitu. Ingenirahisishia. Lakini karibu miaka miwili hakutekwa mtu tena barabarani, na afisa akapandishwa cheo.

Kisha akatekwa mwingine, wakakamatwa watu ishirini, na jirga ikamwita Taza Gul. Alikuja na ubao uleule. Upande wa ile nyumba moja sasa kulikuwa na mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

"Bado huku ni wengi, fundi," Malik Dawran alisema kwa upole. "Hesabu haijabadilika."

"Haijabadilika, Malik. Nimeirudia kila siku, na kila siku ni sahihi." Akauweka ubao miguuni pake. "Ila mlangoni kwangu hawakubisha wengi. Alibisha mmoja."

Wakampata mtu mwingine wa kuvuta boriti za nyumba ya safari hii. Taza Gul alirudi nyumbani, akang'oa mlango wake, akaupasua kuni. Mkewe aligomba, majirani tukamwita mwendawazimu, theluji ikaingia ndani hadi kwenye zulia. Aliishi hivyo miaka kumi na moja, na kila jioni alikaa pale penye uwazi na blanketi mabegani, akitazama njia. Hakuna aliyekuja.

Mlango wangu mimi bado upo. Aliutengeneza yeye, na komeo lake halijawahi kukwama.