Mpiga Chapa wa Ofisi ya Chama

Nilimwona mara ya kwanza wakati wa vita vya Kagera, nilipoingia kwa aibu ofisi ya chama, Kibara. Alikuwa akipiga chapa barua za kuita vijana jeshini na za kuwaombea wengine vyeo. Kabla ya kila barua aliliita jina la kijana polepole, akatega sikio mpaka aridhike kama aliyeitikiwa, ndipo vidole vyake vyembamba vikaanza kugonga.

“Mzee, unamwitaga mtu yuko Masaka, atakusikia kwa redio?” Hyasinta mfagiaji alimtania. Mzee akaendelea kutega sikio.

Nikamweleza shida yangu: kaka yangu Bernado aombewe cheo, atolewe mstari wa mbele. Akaliita jina. Akaliita tena, kwa sauti zaidi, akatega sikio. Kisha akaichomoa karatasi tupu, akaifunika mashine.

“Mdogo wangu, nenda ukakae na mama.”