Ngozi Niliyoifua

Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwa darasa la sita, huku Getanuwas. Kichanga akabaki na bibi, amefungwa kwenye kanga ya mama, na uhai wake wote ulitegemea ng'ombe wetu mmoja mwenye maziwa. Mara ndama wa ng'ombe huyo naye akafa.

Kwetu ndama akifa, ngozi yake hujazwa majani makavu. Mama yake huinusa, hutulia, hushusha maziwa. Ila kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja aishike, mwingine akamue. Baba yuko machungani, bibi ana mtoto mgongoni. Nikang'oa springi za siti ya baiskeli mbovu, nikazifunga kwenye shingo ya ndama, kisha kamba mpaka kidole gumba cha mguu wangu. Nikivuta, kichwa kinagonga kiwele. Ng'ombe akairamba ngozi, akashusha. Jamani, nilicheka mpaka nikalia!

Mwalimu akasikia, akataka nilete ndama wangu kwenye maonyesho ya sayansi shuleni. Nikaona aibu, ngozi inanuka. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara mbili. Mjinga mimi! Nilipewa cheti cha kwanza, nikakimbia nacho nyumbani.

Jioni ile ng'ombe alinusa mara moja tu, akapiga ndoo teke, akageukia njia ya malishoni, akalia akimwita mwanawe. Nilivuta kamba mpaka kidole kikachubuka. Hakushusha. Baada ya siku chache akakauka kabisa.

Bibi hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

"Ungeniuliza, mjukuu wangu," alisema. "Unadhani kwa nini siifui kanga ya mama yako?"

Nami siku zote nilidhani ni uchafu wa kizee.

Ikabidi mtoto apelekwe Gehandu kwa shangazi, mwenye ng'ombe wa maziwa. Nilimsindikiza baba, na njia nzima nilikuwa nikijiambia, nikifika tu nitasema kanga isifuliwe. Shangazi, mwanamke msafi sana, akampokea mtoto, akamfungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mh, hii nguo!"

Akaitumbukiza kwenye beseni la sabuni. Mtoto hamkosoi mkubwa, kwetu ni mwiko. Nikabaki kutazama povu.

Mdogo wangu alikua, ana afya. Lakini siku ile alilia, nami nilimsikia mpaka tulipovuka korongo.