Mguu wa Cucu na Majani ya Kishona Nguo

Mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikuwa na harufu yake baada ya palizi: udongo mwekundu uliopinduliwa, magugu yanayonyauka juani, moshi kutoka kambi ya vibarua. Humo ndimo nilimolelewa miaka ya hamsini na cucu, nyanya yangu mzaa baba. Jioni alinikalisha chini akachomoa mbegu za kishona nguo kwenye kaptura yangu, zile sindano nyeusi zenye miba midogo nchani, akajua nilikopita kabla sijafungua mdomo.

Asubuhi moja jembe lilimteleza likamkata juu ya kisigino. Damu ikamwagika. Zahanati ilikuwa Thika, na wakati ule wa hali ya hatari ya wakoloni hatukuruhusiwa kutoka shambani bila pasi. Cucu akabana kidonda kwa leso, akatutuma mimi na binamu yangu Karanja tulete majani ya kishona nguo ya kuzuia damu. Lakini shamba lilikuwa limepaliliwa wiki chache tu zilizopita. Hapakuwa na ua wala mbegu, ila miche yake iliyochipuka upya, imechanganyika na mubangi, gugu linalofanana nayo sana likiwa changa.

Karanja alirudi kwanza, amekumbatia mzigo mzima. Cucu akanusa.

"Karanja, huu si mubangi? Umekuja kunifukuzia viroboto?"

"Cucu, majani ni majani!"

"Basi mpelekee mbuzi. Naye atakutukana."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye kahawa, nikifikicha mche mmoja mmoja. Mubangi hunuka vikali na jani lake limechanika vipande vingi vyembamba. Kishona nguo kina vijani vipana vyenye meno, shina la pembe nne, na harufu ya mboga mbichi. Nilichuma konzi moja, safi. Nikaponda juu ya jiwe, nikamkamulia maji yake kidondani. Cucu akauma meno. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma.

"Baba," akaniambia, "wewe una macho."

Macho hayo yalinivusha bahari. Nilisomea kilimo ng'ambo nikarudi na diploma, wa kwanza katika ukoo wetu, na sioni kwa nini ninong'one habari hiyo. Huko, siku ya mtihani, mwalimu alitutandazia mimea mikavu. Niliitaja yote kwa majina huku wenzangu wakikuna vichwa. Leo penye kahawa pamejaa nyumba za kupanga mpaka Gatongora, na wajukuu wangu wakijikata hukimbilia duka la dawa hapo kando. Nashukuru kwa hilo. Mtihani wa ng'ambo ningeanguka, ningeurudia. Ule wa mguu wa cucu haukuwa na marudio, nami niliupita kabla sijajua kusoma.