Swali la Mpagazi

Mwalimu Gaudensi alitufundisha vita vya dunia kwa miguu. Mwaka 1994, hapa Mtwara mjini, kidato cha nne kilikuwa na vitabu vinne vya historia kwa wanafunzi arobaini na watatu. Kwa hiyo alitutoa nje, akachora Ulaya kwa chokaa kwenye kiwanja cha mpira, akampa kila mmoja wetu nchi. Joyce alikuwa Ufaransa. Kelvin, kwa ubabe wake, alikuwa Ujerumani. Mimi, Fredi, niliangukia Italia, na sijasamehewa hadi leo, maana Italia iligeuka katika vita vyote viwili. Nina miaka arobaini na saba, ni karani bandarini, na nikikwepa ahadi yoyote lazima apatikane mtu wa kusema, "Mwacheni huyo, ni Italia."

Mwalimu ni mtu wa Mbinga. Aliletwa huku na serikali akiwa kijana, akaoa, akazeekea hapa hapa. Alipenda kitu alichokiita kona. Kila vita, alisema, vina kona zake, mahali ambapo anayeshinda anaanza kushindwa na mwenyewe hana habari. Kona hizo tulizikanyaga. Marne ilikuwa karibu na goli la kusini, Verdun katikati ya kiwanja, na tulipofika vita vya pili, Stalingrad ikawa nyuma ya choo cha wavulana, ambako Kelvin alilazwa chini na Urusi nzima ikamkalia. Hakuna aliyekosa swali la Stalingrad mwaka ule.

Tatizo ni kwamba nchi ziliisha kabla ya wanafunzi. Alibaki Somoe Issa, binti mkimya wa Mikindani aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake Magomeni ya hapa mjini ili awe karibu na shule. Mwalimu alikuna kichwa, kisha akasema, "Wewe utakuwa mpagazi." Akamtwika sanduku la ramani. Wapagazi, kwa asiyejua, ni wale watu waliokamatwa vijijini kwetu katika vita vya kwanza wakabebeshwa mizigo ya majeshi. Basi nchi zilipopigana, Somoe alizifuata nyuma na sanduku lake kichwani. Jina likamganda. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa mgeni wa ardhi hii na hakujua ni jeraha la nani analolitonesha.

Siku moja tulifika Novemba 1917, Wajerumani walipofukuzwa na Waingereza mpaka wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ruvuma yetu ilikuwa mtaro wa maji nyuma ya jiko la shule. Kelvin aliruka, Somoe akaruka nyuma yake na mzigo. Hapo mwalimu akapiga makofi, akatuita sote turudi Ulaya, kwa kuwa mapigano ya huku kwetu yalikuwa na nusu ukurasa tu kwenye kitabu. Kelvin akaruka kurudi. Somoe alibaki ng'ambo.

"Mwalimu," aliuliza, "wapagazi walirudi?"

Mwalimu huyu kila asubuhi alikuwa akituambia kwamba kuuliza si ujinga. Siku ile alitazama saa yake.

"Hilo halitoki kwenye mtihani," alisema.

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Somoe aliruka mtaro akarudi kwenye mstari. Sikumbuki kama aliwahi kuuliza swali jingine mpaka tunamaliza shule.

Sasa nisijifanye mtu mwema. Miaka kumi na mbili tangu mwalimu astaafu, nilikwenda kwake Likombe mara mbili tu, mara moja ikiwa msiba wa mkewe, mama Anna. Tulikula pilau ya msiba, tukamwambia tupo pamoja, tukaondoka. Nilirudi mwaka huu kwa sababu binti yake, Neema, alinipigia simu kutoka Dodoma akiniomba nikamtazame baba, haoni vizuri tena, presha ya macho imemla. Nilimkuta sebuleni anapapasa ukuta kutafuta mlango. Aliniambia geti lake halifungi, ili anayekuja asipate shida ya kugonga. Nilimuuliza ni nani huwa anakuja. Akasema mbuzi wa jirani.

Nikaanza kwenda kila Jumapili. Ndipo nikaona madaftari, kumi na moja, yote yameandikwa kwa mwandiko ule ule aliotuandikia ubaoni, halafu mwandiko unakua mkubwa kadiri macho yalivyokuwa yakipungua, mpaka daftari la mwisho lina maneno matano kwa ukurasa. Nilidhani anaandika kitabu. Alisema hapana, anatafuta jibu la Somoe. Mama Anna alipoondoka, nyumba ilikuwa kimya sana, na katika kimya kile sauti pekee iliyomrudia ilikuwa ya yule binti ng'ambo ya mtaro. Ameazima vitabu kwa mapadre, ameandika barua Dar es Salaam, amezunguka vijiji vya kando ya Ruvuma kwa bodaboda akiuliza wazee, hadi macho yakamkatalia.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema. "Sikumbuki majibu yote niliyotoa. Hilo moja nalikumbuka kila siku."

Neema alikuwa anakuja Jumamosi kumhamishia Dodoma moja kwa moja. Mwalimu hakulalamikia kuhama. Alitaka kitu kimoja, nimtafutie Somoe kabla ya siku hiyo, amjibu, amwombe radhi. Alinishika mkono akasema akiondoka bila hilo, atakuwa amekwenda kufa na deni la mtoto wa shule.

Tuna kundi letu la simu, tumeliita Mataifa 94. Nikauliza nani ana namba ya Somoe. Hakuna. Tulikuwemo watu thelathini na wanane, tunatumiana salamu za Idi na Krismasi, na kumbe hakuna aliyewahi kumwingiza mpagazi. Asiyekuwepo na lake halipo. Joyce ndiye aliyesema aliwahi kumwona anashona nguo Mikindani, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Hakimuddin.

Nilimkuta pale pale, miwani puani, anapinda sketi za sare. Nilijitambulisha. Aliniangalia kidogo akasema, "Italia." Nilimweleza nilichotumwa. Hakusimamisha cherehani mpaka pindo likaisha. Aliuliza kama mwalimu ni mzima, nikamwambia mzima lakini haoni. Akasema atakuja Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa mwalimu alivaa shati la mikono mirefu, akaniomba nimwangalie vifungo. Somoe alifika na mkoba wake mdogo, akatoa shikamoo mlangoni, na mwalimu akaitika marahaba huku amegeukia upande usio wake. Nilimsogeza uso kidogo. Sijui kwa nini hilo liliniuma hivyo.

Mwalimu akaanza. Alikuwa ameyashika yote kichwani, na kwa saa nzima nilimwona tena yule mwalimu wa 1994. Alieleza jinsi vita vilivyogeuka Ulaya, Marekani ilipoingia, jinsi njaa ilivyoibana Ujerumani, wakati huku jeshi lao linazunguka Msumbiji likitafuta chakula, kisha linavuka tena Ruvuma, linapita Songea karibu na kwao mwalimu, Njombe, hadi Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ulaya waliweka silaha chini tarehe kumi na moja Novemba 1918, lakini huku majuma mawili yalipita watu bado wamebeba mizigo ya vita vilivyokwisha. Alieleza kuhara, utapiamlo, ile homa ya mafua iliyofagia kambi. Waliokufa wakibeba kwa ajili ya pande zote mbili walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari. Mikono yake ilikuwa inachora ramani hewani.

Somoe alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mwalimu, baba yake bibi alirudi?"

Mwalimu aliishusha mikono yake. Nadhani ndiyo kwanza alijua kwamba swali lile lilikuwa na mtu ndani yake.

Somoe akatueleza. Bibi yake alikuwa mtoto wa mgongoni baba yake, Nalinga, alipochukuliwa shambani na watu ambao hawakusema wao ni wa jeshi gani. Hakuna aliyeleta habari. Mkewe hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia yeye ni mjane, na akakataza hitima isisomwe, asije akamsomea mtu aliye hai. Katazo hilo bibi alilirithi. Mwaka 1994 alikuwa na miaka sabini na saba, bado hajamwombolezea baba yake. Aliposikia mjukuu wake ana mwalimu anayevijua vita vyote, alimtuma akaulize.

"Nilirudi nikamwambia, mwalimu anasema halitoki kwenye mtihani," alisema Somoe. "Bibi akaniuliza, sasa huo mtihani ni wa nini?"

"Nilikuwa sijui," mwalimu alisema. "Hata sasa sijui, mwanangu. Nimetafuta miaka yote hii. Majina yao hayakuandikwa. Naweza kukuambia jeshi lilipita wapi na tarehe ngapi, lakini yeye sijui alianguka wapi."

"Basi si ungesema hivyo tu."

"Niliona haya. Mbele ya darasa zima."

"Neno hilo hilo, hujui, lingemtosha bibi. Aliponituma alisema kama hata mwalimu hajui, basi hakuna tena wa kungojewa, tumsomee mzee apumzike. Alingoja jibu lako. Akafariki mwaka uliofuata, mwezi wa Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani, hakumsomea."

Niliangalia sakafu. Kile kicheko changu cha pale mtaroni nilikisikia chote.

Mwalimu alinyoosha mkono kumtafuta, akakosea, ukaishia kwenye ukingo wa kiti. "Nisamehe," alisema.

Somoe aliuchukua ule mkono akaurudisha gotini kwa mwalimu, taratibu, kama unavyofanya kwa mgonjwa.

"Mimi nilikusamehe zamani, mwalimu. Nilikuwa mtoto, nilikusahau. Bibi ndiye sijui, na hayupo nikamuulize."

Kisha akachukua mkoba wake, akatuaga, akaenda kuwahi gari la Mikindani.