Dada Alinipaka Mafuta Mikononi Huku Glavu Ziko Chumbani Kwake

Admin, tafadhali nifiche jina, hapa Voi tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, kwetu ni Makwasinyi, kijiji cha mlimani, nina mke na mtoto anayenyonya. Ndovu walipotumalizia mahindi shambani, dadangu mkubwa akaniambia nishuke Voi, mumewe ni foremani kwenye mjengo. Nilishukuru sana. Dada huyu ndiye aliyenilea wakati mama alikuwa mgonjwa, kwa hivyo neno lake kwangu lilikuwa kama la mzazi.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya simiti, mikono mitupu. Wakaguzi wakija, shemeji anatugawia glavu. Wakiondoka tu, anazikusanya. Baada ya muda vidole vikaanza kuwasha, vikapasuka, vikawa vinatoa maji. Hata kufunga kifungo cha shati nikawa nashindwa. Nilipomwomba shemeji glavu alinicheka mbele ya watu: "Simiti haijawahi kula mtu. Wewe umetoka na ugonjwa wako huko mlimani!"

Tangu siku hiyo wenzangu wakanitengea kikombe changu cha uji. Maneno yakafika nyumbani. Nilipopanda kuwaona, mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba Neema, kwa sasa usimbebe mtoto." Jamani, hiyo iliniuma kuliko vidonda.

Aliyenifariji ni dada. Kila Jumapili tukitoka kanisani napitia kwake, ananipaka mafuta kidole kimoja kimoja akisema, "Vumilia ndugu yangu, Mungu anaona."

Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari akaniambia ni simiti iliyoharibu ngozi, haiambukizi, na nisiiguse tena bila glavu. Nikakimbia kwa dada na hiyo habari njema. Alikuwa jikoni, nikaingia chumba cha nyuma kuchukua kiti. Nikakuta maboksi ya glavu mpya yamepangwa hadi dirishani, yana alama ya kampuni yetu.

Nikamwita. Alipoona ninachotazama, akainamisha kichwa.

"Anawauzia mafundi wa Mwatate," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Sasa ningefanyaje? Ni mume wangu."

"Na hii mikono ulikuwa unaipaka mafuta ya nini?"

Akaanza kulia. Mimi nilitoka bila kuaga, na kazini sikurudi. Shemeji hata simwazii sana, yeye ni mtu wa kando. Lakini dada! Alikuwa anaishika mikono yangu, anaona ngozi ikibanduka, na usiku analala karibu na dawa yake, zile glavu.

Juzi nilikutana sokoni na mama mmoja Mkamba tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja. Akanionyesha viganja vyake, vimeanza kupasuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni wewe uliniambukiza?"

Sasa injinia wa kampuni amenipigia, anataka nimweleze ukweli kwa nini niliacha kazi. Mama naye amepiga simu kutoka nyumbani: "Ukimtaja shemeji yako, atafutwa kazi na dada yako atarudi hapa na watoto wanne. Usimvunjie nyumba." Dada mwenyewe hajaniomba msamaha mpaka leo. Ananitumia tu mistari ya Biblia kwa simu.

Injinia anangoja jibu langu kesho. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngesema au mngenyamaza? Nishaurini, na tafadhali msinitukane, nimeumia vya kutosha.