Deni la Maksai

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Kasoli, vyuo navyo vilianza kudai ada. Baba aliuza maksai mmoja ili nisomee uuguzi. Aliyebaki akamfunga nira pamoja na ng'ombe wetu wa maziwa, akalima hivyo huku kijiji kizima kikimcheka.

Nilipopokea mshahara wa kwanza nilipiga hesabu, nikalia kwa hasira. Mshahara gani ule! Kumrudishia maksai kungenichukua miaka. Nilipomweleza, baba alikunja mkono wa shati.

“Nipime presha, mwanangu. Hapo utakuwa umepunguza deni.”

Tangu hapo, kila likizo nilimpima. Siku yake ya mwisho, wodini, hakuweza tena kusema. Alihangaika na kifungo cha mkono wa shati, nikamfungulia.