Siku Tulipochukua Nafasi ya Mifuko ya Mchanga

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu hadi uwanja wa Luano kupanda ndege, anakwenda kusoma mbali. Wakati wa kurudi nikamwomba dereva apitie mtaa wa Golf nikatazame ziwa. Ndugu yangu, nilicheka peke yangu. Ziwa nililolijua utotoni lilikuwa pana kama mbingu. Hili la juzi, ukipiga chafya upande huu, mbuzi wa ng'ambo anashtuka. Dereva akadhani nimechoka akili. Keti basi nikusimulie nilichomsimulia yeye.

Siku zile za ukoloni mji wetu ungali ukiitwa Élisabethville, nasi tulikaa kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. Nyumba zilifanana mno, hata baba aliwahi kuingia kwa jirani, akala bukari yote, ule ugali wetu, kisha akauliza kwa nini sombe, kisamvu chetu, leo haina karanga. Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba, alitujia kwa gari la moshi kutoka kaskazini, kwao kwenye mto Lualaba, na kikapu cha samaki wakavu ambao harufu yao ilifika stesheni kabla ya treni. Alikaa msimu mzima wa mahindi mabichi. King'ora cha kiwanda kilipolia alfajiri, yeye alikijibu kwa matusi. Alinifundisha kuchuja munkoyo, togwa yetu ya mahindi, bila kumwaga hata tone, na jioni alinisuka nywele kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Tulikuwa na jina moja, mimi na yeye, ndiyo maana hakuniita mjukuu. Aliniita Majina, nami nikamwita Majina.

Hapo ndipo penye kisa. Kwao, mtoto anayebeba jina lako ni wako. Akishapata akili unaweza kuja kumchukua akakae kwako, na wazazi hawana la kusema. Juma la mwisho kambo alifua nguo zake, kisha akafua na zangu, akazikunja zote katika kikapu kimoja. Mama aliona. Akaenda kutwanga sombe, akaitwanga mpaka ikawa maji. Baba akajikuna kichwa: "Ni mama yangu. Nitamuambia nini?" Kambo nilimpenda sana. Lakini kumwacha mama! Nililowesha kitanda siku mbili mfululizo, na mimi msichana mkubwa.

Zilipobaki siku mbili, akaja jirani yetu seremala. Kazi yake ilikuwa kuziba kwa lami mashua ambazo Wazungu walipanda kutembea ziwani kila Jumapili. Mashua iliyozibwa ilibidi kwanza aipime majini ikiwa na mzigo, mifuko minne ya mchanga.

"Kambo," akasema, "hauwezi kurudia kwenu bila kutembea pa mayi ya mujini. Kesho muchanga itapumuzika. Muchanga yangu ni banyinyi."

"Na musimamizi akituona?" mama akauliza.

"Nitamuambia muchanga ilipata miguu!"

Tukaenda: kambo, mama na mimi, mifuko mitatu, wa nne ulikuwa sufuria la bukari. Maji yalikuwa kijani, yametulia, na bomba refu la kiwanda lilisimama humo kichwa chini, likitoa moshi kuelekea chini. Jirani akaketi, akaipa njia mgongo, akaanza kuvuta makasia. Kambo akashangaa.

"Weye, unaenda wapi na mugongo?"

"Ni vile Bazungu banafanya, kambo."

"Na kiboko ikitokea, ni mugongo itaiona?"

"Hapa kiboko haiko."

"Kiboko haiko, mamba haiko. Basi hii haiko mayi, iko supu ya bagonjwa. Leta ile muti."

Akachukua kasia moja, akasimama nyuma kama wanavyosimama kwao, na mashua ikapasua maji hata jirani akashika kofia kwa mikono miwili. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya kikapu. Tulipofika katikati, kambo akaninyooshea kasia.

"Majina, simama. Piga."

Hebu fikiri. Nikipiga vibaya, ataniona jiwe, ataniacha. Nikipiga vizuri, nimejifunga mwenyewe ndani ya kikapu. Nikakusudia kuharibu. Pigo la kwanza mashua ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Jirani akaangua kicheko. "Kambo, ile Majina yako inajua kukoroga bukari tu!"

Lo! Nikasahau kikapu, nikasahau treni. Nikalichimba lile ziwa kana kwamba nalilima, kulia, kushoto, mpaka ng'ambo, moja kwa moja, na nakuapia hakuna treni iliyonipita mbio siku ile. Nilipogeuka kuona nani ananisifu, mama alikuwa amefunika uso kwa kikwembe alichojifunga. Ndipo nikakumbuka.

Kambo alichovya mkono majini, akanipaka usoni. Akamwambia mama, "Usilie. Nilikuya kumubeba sababu niliogopa jina yangu itazeeka mu muji bila kujua mayi. Sasa inajua. Inaweza kubakia."

Mama akajifuta uso. Akafunua sufuria, akamkatia kambo tonge la kwanza, kubwa kama kichwa cha mtoto. Tukala tukicheka, mpaka jirani alipopiga kelele: maji ndani ya mashua yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na hakuna aliyekuwa amekumbuka tulikwenda kupima nini.

Siku ya safari, pale stesheni, kambo alitoa nguo zangu kikapuni moja moja, akampa mama. Gauni moja dogo alilibakiza. Sikumwona tena.

King'ora kile hakilii siku hizi, munkoyo unauzwa katika chupa za plastiki, na mashua sikuona hata ubao. Mimi kuandika nimejifunza ukubwani, katika shule ya jioni, tayari mama wa watoto wanne, na neno la kwanza nililoliandika lilikuwa jina letu. Huyu aliyepanda ndege analo pia. Nilipomfungia sanduku, alitafuta gauni lake moja, akaniuliza. Nikasema sijui. Lipo hapa, kwenye mgongo wa kiti ninachokalia.